Maji ya Kaburi la Mzee Mageni

Sesilia Bujiku hakuwa na mume, maana mume alikwenda Geita kuchimba dhahabu na huko akapata mke mwingine na kaya nyingine. Hakuwa na ng'ombe. Wa mwisho alikufa kwa kiu, shingo yake ikiwa imeelekea lamboni. Hakuwa na bati juu ya nyumba, hakuwa na baiskeli, hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na ndugu ofisini, wala hakuwa na karatasi ya kujivunia isipokuwa cheti cha kisomo cha watu wazima ambacho mchwa walikuwa wamekila pembeni. Tangu mwezi wa tisa hakuwa na binti. Na tangu taarifa ya Kampuni iliposomwa mbele ya mkutano wa kijiji, hakuwa hata na jina safi la binti huyo la kubaki nalo.

Alichokuwa nacho ni hasira. Aliitunza kama sisi tunavyotunza mbegu ya mtama: mahali pakavu, juu ya moshi wa jiko, panya wasiifikie.

Kijiji chetu cha Mwamadilu kiko ndani kidogo ukiacha barabara kuu ya Tinde. Lambo lake lilichimbwa kwa majembe na vijana wa zamani, udongo ukiburutwa kwa ngozi za ng'ombe, na mmoja wa vijana hao alikuwa Mzee Mageni. Kwa miaka mingi lilitunywesha sisi na mifugo yetu. Kisha ikaja Kampuni na mkataba. Ilisema itaweka pampu, itajenga tenki na vioski vya maji, na pia italitunza tuta, itatoa tope, na itakarabati ule ukuta wa zege unaozunguka chemba ya kuvutia maji. Vioski ilijenga, ikavipaka rangi ya bluu. Tenki ililiweka juu ya tuta, ikalizungushia uzio wa seng'enge na geti la chuma. Hayo mengine haikuyagusa. Migunga iliota kwenye tuta, mizizi ikapenya, mchwa wakajenga. Tope lilijaa hadi ng'ombe akawa anasimama katikati ya lambo na tumbo lake kavu. Ukuta wa chemba ukapata ufa ambao mtu aliweza kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Tulipopeleka habari, alikuja kijana wa Kampuni, akaupiga picha kwa simu yake, akaondoka.

Meneja wa Kampuni hakuwa mgeni. Alikuwa Thobias, mtoto wa kwanza wa huyo huyo Mzee Mageni. Alizaliwa Mwamadilu, alichunga Mwamadilu, na lambo hilo ndilo lililomfundisha kuogelea. Ofisi yake ilikuwa Ibadakuli, karibu na uwanja wa ndege.

Mwaka huu mvua hazikuja. Kampuni ilifunga vioski na kubandika tangazo kwamba pampu ni mbovu na lambo halina maji ya kuvuta. Wanawake wakaanza kuchota chini ya ule ukuta, upande wa tope, mahali ambapo ukifukua kwa kata na kusubiri, maji yalijikusanya polepole. Vumilia, binti wa Sesilia, alikuwa hapo asubuhi ya Alhamisi wakati ukuta ulipomwangukia.

Wanaume walikimbia na magogo ya kuinulia zege. Mashine ya kunyanyulia mizigo ilikuwepo, ndani ya uzio, lakini geti lilikuwa na kufuli na ufunguo ulikuwa Ibadakuli. Wakavunja uzio kwa mashoka. Walipomtoa Vumilia, jua lilikuwa limeshafika utosini, na yeye alikuwa amekwisha kunyamaza.

Thobias hakuja msibani. Alituma rambirambi kwenye simu ya mwenyekiti wa kijiji, na Sesilia akaagiza irudishwe ilikotoka. Siku moja baada ya maziko, Kampuni ilisimika kibao kando ya lambo: HAIRUHUSIWI KUINGIA. Sesilia alikwenda kukisoma. Alikisoma herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa, kisha akaweka kidole gumba juu yake, na rangi nyekundu, bado mbichi, ikabaki kidoleni.

Baadaye ikaja taarifa. Ilisema marehemu aliingia eneo lililokatazwa, akafukua chini ya ukuta na kusababisha uanguke. Ilisema pia kwamba Kampuni haihusiki, maana pampu ilikuwa mbovu na haikuwa imevuta tone tangu kiangazi kianze.

"Kwa hiyo Vumilia ndiye aliyebomoa lambo," alisema Lusia, jirani wa Sesilia, mama mnene mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya mbuga. "Ngoja. Kesho watasema ndiye aliyezuia mvua."

Sesilia hakucheka. "Nataka aseme kwa mdomo wake," alisema. "Kisha aandike kwa mkono wake. Sitaki kitu kingine kwa Thobias."

Wazee waliitisha dagashida, baraza letu la Kisukuma, chini ya Mzee Magesa, kiongozi wa sungusungu. Mkosaji wa kawaida hutozwa mchenya, ambao huwa ni fahali wa kuchinjwa na kuliwa na baraza. Magesa alikataa. "Thobias atanunua fahali kama anavyonunua soda," alisema. "Huyu atengwe." Ikakatwa hivyo: mtu yeyote wa Mwamadilu asimwitikie Thobias salamu, asile naye, asimsaidie kwenye harusi wala msiba, mpaka siku ambayo Sesilia mwenyewe atakunywa maji kutoka mkononi mwake. Hakuna mwingine mwenye uwezo wa kuifungua adhabu hiyo, hata Magesa. Mtendaji wa kijiji alisimama akaeleza kwamba sheria za nchi haziruhusu mambo ya namna hiyo. Walimsikiliza kwa adabu, wakamshukuru, wakaendelea.

Thobias alipopewa habari na dada yake Paskazia, alicheka mpaka simu ikakwaruza.

"Dada, mimi nakaa Ibadakuli. Wamesema nisiazimwe moto? Waambie nina jiko la gesi."

Mwezi wa kumi na moja Mzee Mageni akafariki.

Sesilia alisikia kilio akiwa jikoni. Aliweka sufuria chini, akaketi, akalia kweli kweli. Mzee Mageni ndiye aliyekuja wa kwanza kwenye kaburi la Vumilia, mgongo umepinda, akipepesuka, na jembe begani. Vijana walijaribu kumnyang'anya wakisema atajiumiza. Aliwaambia, "Lambo hili nililichimba mimi. Nitachimba na hili." Akapiga mara chache, akakaa chini pembeni, na hakuondoka mpaka udongo wa mwisho ukarudishwa.

Sesilia alilia mpaka akamaliza. Kisha alinawa uso kwa kiganja kimoja cha maji, akachukua kigoda chake, akaenda msibani mapema ili apate mahali pa kuona vizuri.

Kwetu kaburi la baba ni la mtoto wa kiume wa kwanza. Yeye ndiye hupiga jembe la kwanza, na kila anayechimba baada yake anamsaidia yeye. Ndiyo maana asubuhi ile wanaume wote wa Mwamadilu walikuwepo, majembe na sururu wameyalaza miguuni, na hakuna aliyeinuka. Walimpenda mzee. Walikuwa wamekuja kumlilia, na walilia. Lakini kuchimba kungekuwa kumsaidia Thobias.

Thobias aliwasili na gari jeupe, nyuma yake gari dogo la vibarua watatu aliowakodi mjini, pamoja na katoni za maji ya chupa. Alivaa suti nyeusi. Alisimama mbele ya wazee akainamisha kichwa.

"Shikamooni, wazee wangu."

Kuku mmoja alipita katikati yao akidonoa.

"Wazee, shikamooni."

Mzee Magesa alikuwa akichunguza mpini wa sururu yake kama vile ndiyo kwanza ameuona. Paskazia, aliyekuwa mlangoni, alianza kulia upya, na safari hii haikuwa kwa ajili ya baba.

Thobias si mjinga. Aliangaza macho mpaka akamwona Sesilia kwenye kigoda chake, karibu na mahali palipowekewa alama ya kaburi. Alichukua chupa moja ya maji, akaifungua, akaenda kwake na kupiga goti moja, akiichunga suruali isichafuke.

"Shikamoo, mama Vumilia."

"Marahaba," alijibu Sesilia. Yeye peke yake aliruhusiwa.

"Nimeambiwa ukinywa maji mkononi mwangu mambo yanakwisha. Basi, mama, haya hapa. Ya baridi."

Sesilia aliitazama ile chupa. "Umeyatoa wapi?"

"Dukani, Shinyanga."

"Basi mnyweshe mwenye duka. Pengine na yeye umemuulia mtu."

Lusia alikohoa kwa nguvu ili asicheke msibani. Thobias aliinuka, akajipangusa goti. "Sawa," alisema, sasa kwa sauti ya ofisini. "Nina watu wangu. Baba atazikwa bila kumsumbua mtu."

Sasa, uwanja wa Mzee Mageni uko juu ya ibambasi. Asiyeijua ibambasi aelewe hivi: ni udongo ambao wakati wa mvua unateleza kama sabuni na wakati wa kiangazi unakuwa sakafu ya saruji. Mtu wa Mwamadilu hachimbi ibambasi kavu. Majirani huchangiana maji, kila kaya ndoo yake, wanamwaga mahali pa kaburi, udongo unanywa, ndipo wanachimba. Hata kwa Vumilia tulifanya hivyo. Kila nyumba ilitoa ndoo katika kiangazi kile kile, na zipo nyumba ambazo watoto walilala bila uji.

Thobias alipiga jembe la kwanza. Lilidunda likamrudia. Vibarua wakafuata. Sururu zilitoa cheche. Walihangaika mpaka mashati yakaloana, na walichopata ni kijishimo cha kutagia kuku. Mmoja, aliyeitwa Adam, alivunja mpini, akautazama, akaketi kivulini.

"Bosi, hapa bila maji haiwezekani."

"Zile katoni mimina."

Walimimina katoni zote. Ibambasi ilizinywa ikabaki kavu vile vile. Wanawake wa Mwamadilu walitazama yale maji ya chupa yakizama ardhini, na hakuna aliyesema kitu. Ningependa msomaji aisikie ile hali ya kutosema kitu.

Jua lilikuwa linapanda. Ndani ya nyumba mzee alikuwa amelala, na hakukuwa na barafu Mwamadilu. Thobias alifuta jasho, akatoa simu, akaenda pembeni akazungumza kwa haraka.

Halikupita hata saa moja likaja boza. Lilikuwa kubwa, la bluu kama vile vioski, linavuja nyuma na kuacha mstari wa giza barabarani, na mbwa waliufuata wakiulamba. Dereva akashuka, mtu wa Tarime, mrefu, mchangamfu, asiyejua aliko. Jina lake Chacha.

"Poleni na msiba, jamani," alisema kwa wote. Kisha kwa Thobias: "Bosi, umebahatika. Nilikuwa ndiyo nimemaliza kujaza nielekee machimboni. Nimwage wapi?"

Alivuta mpira mnene, akaulekeza kaburini, akafungua koki.

Maji yalitoka. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na harufu yake iliwafikia watu kabla hayajagusa ardhi. Kila mtu wa Mwamadilu anayajua maji hayo. Tumeyanywa tangu kuzaliwa, tumebatizwa nayo, tumepikia harusi zetu. Vyura wawili wadogo walitoka na maji, wakarukia kwenye udongo.

Sesilia aliinuka kwenye kigoda. Hakukimbia. Alikwenda akasimama kati ya mpira na kaburi, maji yakampiga miguuni yakalowesha kanga.

"Funga kwanza, mwanangu," alimwambia dereva. "Nina swali dogo."

Chacha akafunga. "Sema, mama."

"Umejazia wapi?"

"Si hapo tu? Tenki la juu ya tuta, la kwenu."

"Chacha!" alisema Thobias. "Fanya kazi iliyokuleta."

"Ngoja, bosi, mama ananiuliza."

"Pampu si mbovu?" Sesilia aliuliza.

"Mbovu?" Chacha alicheka. "Ile pampu, mama, inavuta mpaka tope. Tangu kiangazi kianze tunajaza hapo, tunapeleka kwenye mitambo ya kuchenjulia dhahabu huko machimboni. Tunaingilia njia ya nyuma, ya kule porini. Tulikuwa tunadhani na nyinyi vioskini yanafika."

"Na siku gani mnajaza?"

"Kila siku isipokuwa Jumapili. Alfajiri, kabla watu hawajaamka, kisha ufunguo wa geti unarudi ofisini. Leo tu nimechelewa."

"Alhamisi je?"

"Alhamisi ndiyo hasa. Alhamisi mabwana wa mitambo wanataka boza mbili." Kisha akaona nyuso za watu, na uchangamfu ukamtoka. "Kwani kuna nini, jamani?"

Lusia ndiye aliyemjibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Alhamisi ndipo ukuta ulipomwangukia mtoto wake. Akichota chini yake. Tuliambiwa pampu ilikuwa imelala."

Chacha aliukumbuka ukuta. Ilionekana alivyoukumbuka. Alivua kofia. "Ule wenye ufa? Mimi nilimwambia bosi. Nilisema tukivuta wakati maji yamepungua hivi, tunaondoa tope lililoushikilia. Akasema fundi akija itabidi tusimamishe maboza, tuache kwanza." Akamgeukia Thobias. "Si ulisema hivyo, bosi? Hukusema?"

Adam na wenzake walikusanya sururu zao. "Sisi tuliambiwa kuna kaburi," Adam alisema kwa upole. "Habari hii nyingine hatukuambiwa." Wakapanda gari lao wakaondoka.

Wanaume wa Mwamadilu walikuwa wamesimama sasa, wote, na majembe yalikuwa mikononi. Mzee Magesa alinyoosha mkono kuwazuia. "Hapana," alisema. "Mwenye neno ni mmoja."

Sesilia aliwatazama. Alijua kwamba akipiga kelele moja tu, Thobias angezikwa kabla ya baba yake. Alilifikiria jambo hilo kwa muda. Sitasema uongo kwamba hakulifikiria. Kisha alirudi kwenye kigoda, akaketi, akakamua maji kwenye pindo la kanga.

"Muacheni achimbe," alisema.

Thobias alivua koti la suti. Alichimba pale palipolowa, kidogo, kisha akafika tena kwenye pakavu. Chacha alikuwa amekwishatoa ufunguo wa boza na kuuweka mfukoni, akaketi chini pamoja na wazee. Mikono ya Thobias ilitoa malengelenge, malengelenge yakapasuka, na mpini ukawa unateleza.

"Anaparura kama kuku anayetafuta mchwa," Lusia alimnong'oneza Sesilia. "Kidole kidogo kakinyanyua. Hivi ndivyo wanavyochimba Ibadakuli?"

"Mwache. Nataka nimuone."

"Na ukishamuona?"

Sesilia alikuwa akimtazama mtu aliyemsubiri tangu mwezi wa tisa, na ilikuwa tamu, tamu kuliko alivyotarajia, na hakuona sababu ya kuionea aibu.

Aliyekuja kumsumbua ni Paskazia. Alipiga magoti yote mawili kwenye udongo.

"Mayu, mama yangu, nakuomba. Baba ameanza kubadilika. Katekista anasema hatuwezi kungoja."

"Vumilia alingoja," Sesilia alisema. "Alingoja chini ya zege, ufunguo uko Ibadakuli."

"Najua. Baba alikuwa akilia kila akikumbuka. Lakini baba hakumkosea mtu, mayu. Alikuja na jembe lake."

Hapo Sesilia aligeuza uso. Jembe lile lilikuwa limeegemezwa ukutani mwa nyumba, mpini wake umepinda mahali pale pale ambapo mzee alizoea kulishika. Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akaita, bila kuinuka:

"Thobias. Njoo."

Alitoka kwenye shimo ambalo lilikuwa limefika magotini. Alikuja akasimama mbele yake, shati limegandamana na mgongo.

"Unataka nini kwangu?" alisema. "Sema. Nitatoa chochote."

"Sema mbele ya hawa nani aliubomoa ukuta."

Thobias alitazama nyumba alimolala baba yake. "Pampu ilikuwa inavuta," alisema.

"Hawakusikii huko nyuma."

"Pampu ilikuwa inavuta! Asubuhi ile pia. Ufa tuliujua. Vumilia hakubomoa kitu. Taarifa niliiandika mimi."

Wanawake waliguna kwa pamoja, mguno mzito, kama mtu anayetua mzigo.

"Sasa andika," Sesilia alisema.

"Mama, nimeshasema mbele ya watu wote. Nikiandika nitafungwa."

"Pengine."

"Na kazi nitaipoteza."

"Jiko la gesi hatutakunyang'anya," Lusia alisema. "Kaa nalo."

Ikaletwa karatasi na kalamu. Aliandika akiwa ameketi juu ya lundo la udongo wa kaburi, kalamu ikimteleza kwenye majeraha, akiacha alama za damu na tope pembeni. Alimpa. Sesilia aliisoma mwenyewe, midomo ikicheza, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Alipofika katikati akaweka kidole.

"Hapa umeandika ni bahati mbaya."

"Ndivyo barua za namna hii zinavyoandikwa, mama."

"Ondoa. Bahati haikuwa na ufunguo wa geti. Andika ulichomwambia dereva kuhusu fundi."

Akakata, akaandika upya. Akatia sahihi, na Chacha akatia yake chini kama shahidi bila kuombwa. Sesilia aliikunja karatasi, akaiingiza kifuani.

Kisha Thobias akachukua kibuyu kutoka kwa dada yake, akaenda kwenye boza, Chacha akamfungulia koki. Alirudi na kibuyu kimejaa, akapiga magoti yote mawili, na safari hii hakuangalia suruali. Sesilia alikipokea mkononi mwake, akanywa. Maji yalikuwa na ladha ya dizeli na ya lambo. Alikunywa mpaka chini, akapindua kibuyu ili watu waone.

Wanaume wa Mwamadilu walisimama kama mtu mmoja. Koki ikafunguliwa, udongo ukanywa, majembe yakaanza kushuka kwa zamu, na mtu akaanzisha wimbo wa kulima ambao mzee aliupenda. Maji yaliyobaki kwenye boza Chacha aliwagawia wanawake, ndoo kwa ndoo, mpaka mpira ukakoroma hewa. Jembe la mwisho kwenye kaburi lile lilikuwa la Mzee Mageni mwenyewe, na aliyelishika ni Sesilia. Walimzika jua likiwa bado lipo.

Asubuhi iliyofuata Thobias alikuja kwa Sesilia kwa miguu. Mikono ilikuwa imefungwa vitambaa. Alimkuta jikoni akisonga ugali, bahasha ipo kando ya mafiga, imeshaandikwa juu kwa herufi kubwa za kisomo: OFISI YA MASHTAKA, SHINYANGA.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu kigoda."

Aliketi. Aliiona bahasha. "Mama, nilidhani barua ile ni ya kuweka. Ya kukutuliza moyo."

"Nani alikwambia hivyo?"

"Umekunywa maji mkononi mwangu. Kijiji kizima kimeona. Yamekwisha."

"Ya kijiji yamekwisha," Sesilia alisema. "Utaitikiwa salamu. Watakuja kwenye msiba wako na harusi za watoto wako, na mimi nitakuja, nitapika. Yale maji nilikunywa ili baba yako azikwe. Barua ni ya Vumilia."

"Mama, nina watoto."

"Na mimi nilikuwa naye."

Thobias alipozungumza tena ilikuwa kwa Kisukuma, lugha aliyokuwa hajaitumia tangu awasili, na alimwita mayu, na akalia kama alivyokuwa akilia utotoni ng'ombe wakimpotea. Sesilia alimsikiliza mpaka mwisho. Moyo wake aliuchunguza, akautafuta upande wa huruma. Ulikuwepo, lakini siku ile ulikuwa mkavu, na hakuwa na ndoo ya kuulowesha.

Alitoa barua kifuani, akaikunja mara mbili, akaiingiza kwenye bahasha. Gundi hakuwa nayo. Alimega kipande cha ugali wa moto, akakiponda kati ya vidole, akapaka ukingoni, akabandika, akaugandamiza kwa kile kidole gumba kilichowahi kugusa rangi nyekundu ya kibao.

"Kula ugali kabla haujapoa," alimwambia Thobias, akamwekea sahani mbele yake. "Maziwa yako kwenye kibuyu, Lusia ameleta."

Akatoka, akashika njia ya barabara kuu na kupanda gari mpaka Tinde. Pale posta alisimama kwenye foleni kama watu wengine. Karani aliipima bahasha, akainusa.

"Bibi, hii inanukia ugali."

"Imefungika?"

Karani alijaribu ukingo kwa ukucha. "Imefungika barabara."

"Basi gonga muhuri."

Akagonga, na kuitupa kwenye mfuko wa barua zinazotoka.